Ndege weusi wa mkia wa mkasi nje ya Yambe, wamepotea au la?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mie niko Tanga, Sahare. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa, anashusha Deep Sea. Tangu kusi ianze anasema alfajiri wakirudi wanakuta ndege weusi wakubwa huko nje ya kisiwa cha Yambe, mkia kama mkasi, hawatui majini kabisa, na wanawakimbiza wale weupe wadogo mpaka wanatema samaki. Wazee wanasema hawajawahi kuwaona karibu hivi na ni dalili ya tufani, vijana wanasema ni tabianchi. Je wamepotea? Na sisi tusio na darubini wala elimu ya ndege tunaweza kuwafuatiliaje ikawa na maana? Halafu kuna malipo yoyote?"

Marahaba mwanangu, na baba yako mdogo mfikishie salamu zangu, maana ameangalia vizuri kuliko watu wengi wenye darubini za bei mbaya. Mkia wa mkasi, hatui majini, anapora wenzake, mambo matatu hayo yakikutana kwa ndege mmoja basi huyo ni fregata, hakuna mwingine. Ila kabla hatujaenda mbali lazima tumtoe mwewe kwenye hesabu, kwa sababu hapo Tanga mwewe wamejaa, wanashinda bandarini na sokoni wakiokota matumbo ya samaki, na mkia wao nao una panda kidogo, na picha za mwewe nimeshaletewa nyingi tu zikiitwa ndege wa ajabu ametoka baharini. Mwewe ni wa rangi ya kahawia ukimwona kwenye mwanga, mkia umeingia ndani kidogo tu na anaupindapinda akiruka. Fregata ni mweusi kweli, mabawa membamba marefu yaliyokunjika kwenye kiwiko, ncha hadi ncha mita 2 na ushee, mdomo mrefu umepinda mbele, na mkia wake akiufunga unaonekana mchongoko mmoja, akiufungua ndo unauona mkasi. Na anaweza kukaa hewani muda mrefu hapigi bawa hata mara moja.

Kuhusu kutotua majini, sio maringo. Manyoya yake hayazuii maji vizuri na miguu yake ni midogo mno kwa mwili ule, akilowa kunyanyuka tena ni kazi, kwa hiyo ndege wa bahari kabisa lakini maji anayaogopa. Chakula chake kikubwa ni wale samaki wanaoruka juu ya maji pamoja na ngisi, anawadaka juu kwa juu hasa pale jodari wanapowasukuma kutoka chini. Huo uporaji wa buabua (ndo hao weupe wadogo baba mdogo anaowasema) upo ila ni sehemu tu ya riziki yake, watu wanaukumbuka kwa sababu una vurugu.

Sasa wamepotea? Hapana. Wanazaliana visiwani, na Aldabra ya Shelisheli, ambako kuna moja ya makoloni makubwa kabisa ya fregata katika Bahari ya Hindi yote, ni kama kilomita 900 tu kutoka Tanga. Nasema "tu" makusudi. Mwaka 2016 ilitoka ripoti ya watafiti waliowafunga fregata wa aina kubwa vifaa vya setilaiti katika kisiwa cha Europa, huko mlango wa bahari wa Msumbiji, wakakuta wengine wanakaa hewani hadi miezi miwili bila kutua popote, wanazunguka pembezoni mwa lile eneo la bahari lisilo na upepo katikati ya Bahari ya Hindi, wanaingia chini ya mawingu na kupandishwa na hewa mpaka mita 4,000 juu, halafu wanateleza kushuka taratibu, wanapanda tena. Ndege wa namna hiyo kilomita 900 kwake ni matembezi. Hasa vijana ambao bado hawajaanza kutaga na wakubwa ambao sio msimu wao wa kutaga, hao hawana sababu ya kukaa karibu na kisiwa, wanafuata upepo na chakula. Aina zote mbili za fregata, kubwa na ndogo, ziko kwenye orodha ya ndege wa Tanzania.

Kwa hiyo ndege mwenyewe sio habari. Habari, kama ipo, ni hayo maneno ya wazee: karibu hivi, na wengi hivi, na muda mrefu hivi. Na hapo ndo tunakwama, kwa sababu hakuna mtu Tanga mwenye daftari la miaka iliyopita linaloonyesha fregata wangapi walionekana nje ya Yambe wakati wa kusi, kumbukumbu zipo vichwani, na kichwa kinahifadhi siku ya maajabu na kufuta siku mia za kawaida. Sisemi wazee wanadanganya, nasema hatuna cha kulinganishia.

Nikupe mfano wa watu waliokuwa nacho. Pwani ya magharibi ya Marekani kuna mradi unaitwa COASST, uko chini ya Chuo Kikuu cha Washington, na kazi yenyewe inafanywa na watu wa kawaida, wastaafu, walimu, wanafunzi, kila mmoja ana kipande chake cha ufukwe anakitembea kila mwezi kuokota taarifa za ndege waliokufa. Wakikuta mzoga wanapima mdomo, bawa na mguu, wanapiga picha, wanaufunga alama ili mwezi ujao usihesabiwe mara ya pili. Na wasipokuta kitu wanaandika hawajakuta kitu. Kazi ya kuchosha kweli. Ila bahari ya Pasifiki ilipopata joto lisilo la kawaida kati ya 2014 na 2016, na ndege weusi kwa weupe wa bahari ya baridi, jina lao la kisayansi Uria aalge, wakaanza kutupwa ufukweni, ilihesabiwa mizoga kama 62,000 kuanzia California mpaka Alaska, na hakuna aliyeweza kusema "aa ndege hufa kila mwaka", kwa sababu madaftari ya miaka ya kawaida yalikuwepo yanaonyesha kawaida ni ngapi. Mwanzo walikadiria waliokufa wote wanafika milioni moja, kisha mwaka 2024 watafiti wakaenda kulinganisha hesabu za makoloni ya Alaska kabla na baada wakakuta ni kama milioni 4, nusu ya ndege wote wa aina hiyo kule. Njaa ndo iliyowaua, samaki walipotea kwa lile joto.

Ndo maana vijana wakisema tabianchi mie siwabishii wala siwakubalii. Bahari ya Hindi inapata joto, hilo limepimwa, na kuna miaka upande wetu wa magharibi unapata joto zaidi ghafla, 2019 ilikuwa hivyo, mnakumbuka mvua za vuli zile zilivyotumaliza. Samaki wakihama ndege nao wanahama. Ila kusi moja na ndege wa baba mdogo haitoshi kusema lolote, inaweza kuwa ni tabianchi, inaweza kuwa mwaka huu dagaa wamesogea ndani, inaweza kuwa kuna watoto wengi waliotoka salama Aldabra, inaweza kuwa wanapita hapo kila mwaka na mwaka huu ndo baba mdogo kahamia kuvua upande ule. Hilo la mwisho muulize kabisa, usione aibu.

Tufani nalo lina ukweli wake nusu. Kimbunga kikubwa kweli kinabeba ndege wa baharini, wengine wananaswa kwenye kile kitovu tulivu katikati wanasafiri nacho, wengine wanakimbia pembeni yake wanaishia nchi kavu mahali ambapo hawajawahi kuonekana. Kwetu tumeshaona Kenneth ya Aprili 2019 iliyoingia kaskazini mwa Msumbiji na Hidaya iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Siku kama hizo na wiki inayofuata ndo za kutoka kuangalia bahari na hata mabwawa ya ndani. Ila ndege hutokea pamoja na tufani au baada yake, na fregata anayewinda taratibu nje ya Yambe hali ya hewa ikiwa ya kawaida anawinda tu, hajatumwa. Baba mdogo asikilize TMA (mamlaka ya hali ya hewa), na asije akasema leo shwari kwa sababu hajaona ndege mweusi.

Haya, kufuatilia. Darubini sio lazima, wala elimu sio lazima, kinachotakiwa ni daftari na ukaidi. Kuna watu wanaita mambo haya sayansi ya wananchi, wewe ita unavyotaka. Kila baba mdogo akirudi muulize mambo matano: tarehe, saa, mahali, upepo, na ndege wangapi. Na akisema leo hakuna andika SIFURI, usiache wazi, kwa sababu nafasi wazi mtu akiisoma baadaye hajui kama hawakuwepo au hukuuliza au boti haikutoka. Hili watu wengi hawalipendi, wanaona kuandika sifuri ni kupoteza wino, lakini bila sifuri hilo daftari ni mkusanyiko wa hadithi.

Sasa mitego, na hii ni ya kwetu sisi huwezi kuikuta kwenye maelekezo ya wazungu. Baba mdogo anavua dagaa kwa taa, maana yake anatoka siku za giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Kwa hiyo ndege wako wote wataangukia siku za giza, na mtu asiyejua uvuvi ataangalia daftari atasema ajabu, fregata wanafuata mwezi! Kumbe anayefuata mwezi ni mvuvi. Dawa yake ni kuandika boti ilitoka siku gani na haikutoka siku gani na walikaa nje saa ngapi, na pia kutafuta mtu wa pili ambaye ratiba yake ni tofauti, mfano wa mishipi anayetoka mchana, au wewe mwenyewe ukakae Raskazone asubuhi nusu saa siku zile zile kila wiki, Jumanne na Jumamosi tuseme, uangalie nje. Ukienda siku uliyosikia kuna ndege tu umeshaharibu.

Saa ndo balaa lingine. Baba mdogo akisema saa moja asubuhi, simu inataka 7:00, na nimeona rekodi za watu wameandika 1:00 wakimaanisha saa moja, ndege wa mchana anaonekana anawinda usiku wa manane. Chagua mtindo mmoja, uandike juu ya daftari ni saa za Kiswahili au za simu, na usibadilishe katikati.

Tarehe za nyuma usimlazimishe mtu akumbuke tarehe ya kizungu. Mvuvi muulize ilikuwa bamvua au maji mafu, mwezi ulikuwa umeandama au bado, ilikuwa kabla ya Maulidi au baada, ukipata hayo unakaa na kalenda unaikaribia siku yenyewe kwa tofauti ya siku mbili tatu, na unaandika "takriban". Kwa njia hiyo unaweza hata kuwahoji wazee wa Tongoni na Kigombe kuhusu miaka ya zamani, ila hizo ziweke ukurasa wake mbali, usizichanganye na zilizoandikwa siku ile ile.

Mahali, hapa nitakupa angalizo ambalo waandaaji wa miradi mingi hawalioni. Wavuvi hawapendi sehemu zao za samaki zijulikane, na wana haki, halafu apu nyingi zinaweka nukta kwenye ramani dunia nzima inaiona. Mtu akigundua umemwaga siri ya fungu lake hatokwambia tena kitu. Kwa hiyo tumia majina mapana, "nje ya Yambe upande wa mashariki", "kati ya Karange na Kigombe", inatosha sana kwa ndege anayeruka kilomita mia kwa siku. Apu ya iNaturalist, nitaieleza sasa hivi, ina sehemu ya kuficha lokesheni halisi, itumie.

Kuhusu apu zenyewe, za bure ziko nyingi ila mbili zinatosha. eBird ilianzishwa 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la ndege la Audubon, la Marekani, hii ni ya orodha, unaandika ulikaa muda gani, ulitembea umbali gani na ndege wote uliowaona, na mwisho inakuuliza kama hiyo ni orodha kamili. Swali hilo dogo ndo moyo wa mambo yote, ukijibu ndiyo maana yake ambao hukuwaandika hukuwaona, ile sifuri yetu imejiandika yenyewe. Kwa hiyo usijibu ndiyo kama umeandika fregata tu ukawaacha kunguru na shakwe. Ukiweka ndege asiye wa kawaida kwa eneo hilo kuna mhakiki atakuuliza maelezo au picha, usikasirike, hakuiti mwongo, ndo kazi yake. iNaturalist ni ya picha, unatupia picha, watu wengine wanakuambia ni nani, wakikubaliana inapanda daraja na watafiti wanaweza kuitumia. Kama hujui ndege hata mmoja anza na hii. Na Tanzania Bird Atlas wamekuwa wakikusanya rekodi za ndege wa nchi hii tangu kabla ya simu hizi kuwepo, daftari likiwa safi nao wanalipokea vizuri.

Picha nakuomba sana: picha ya simu ya ndege wa mbali ni doti jeusi, sawa, piga hivyo hivyo, hata kivuli cha mabawa kinatosha kumtofautisha fregata na mwewe, na klipu ya sekunde kumi inaonyesha anavyoruka ni nzuri kuliko picha kumi. Usikuze kabla ya kutuma. Ukitumia WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida, kwa sababu ikienda kawaida inabanwa na zile taarifa za saa na mahali zinafutika. Na picha ya kufowadiwa sio ushahidi wa kitu, nimeona picha ya fregata mwenye puto jekundu shingoni ikizungushwa kwenye magrupu "Tanga leo asubuhi" na nyuma yake kuna milima ambayo Tanga nzima hamna. Swali moja tu: nani aliyepiga, alikuwa wapi? Kama jibu ni "nimetumiwa" basi iache.

Wakati mnaangalia fregata msiwadharau wa kila siku. Pale Mwambani maji yakitoka kuna yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anakula kaa, Dromas ardeola, huyo anazaliana Arabuni na pembe za Bahari ya Shamu kwenye mashimo anayochimba mchangani, halafu anakuja kukaa kwetu miezi yake. Kwenye mabwawa ya chumvi bahari ikijaa wanajikusanya na wenzao wengi, kuhesabu ni rahisi. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini Afrika nzima, inaratibiwa na Wetlands International, na wahesabuji wengi ni wa kujitolea, mkiwa mmezoea daftari mtakuwa wa maana kuliko mgeni aliyeletwa na gari. Na mvuvi yeyote anayefika Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo nje kusini mashariki mwa Unguja ambako sula na buabua wa mgongo mweusi wanataga, akileta taarifa ni dhahabu, kule watu wa ndege wanafika kwa nadra. Mayai tu wayaache, jamani.

Mkikuta ndege ana pete mguuni au kifaa kidogo mgongoni chenye waya, piga picha ya namba na maandishi, kama yuko hai usiitoe, mwachie aende. Na sio jasusi! Nacheka lakini mwaka 2013 Misri korongo alishikiliwa kweli kituoni kwa sababu ya kifaa cha watafiti mgongoni mwake.

Wakifa ni mambo mengine kabisa. Mmoja aliyekufa ufukweni ni kawaida, piga picha weka kitu cha kulinganisha ukubwa pembeni, usimshike kwa mkono mtupu, watoto na mbwa wasimguse, na asiliwe. Wakiwa wengi siku moja mpigie ofisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, usingoje kuweka kwenye apu kwanza. Januari 2017 kule Uganda buabua walianza kufa kwa wingi ziwa Victoria, walipopimwa ikawa ni mafua ya ndege, H5N8, na ikaonekana hadi kwenye kuku na bata wa watu.

Sasa nirudishie majibu ya haya nikwambie ni fregata yupi: kifua cheupe au cheusi chote? Kuna weupe unaoingia kwapani? Kuna mwenye kichwa cheupe au cha rangi ya kutu? Hao wa kichwa hicho ni watoto, na kama wengi ni watoto basi hilo linaelekea zaidi kwenye mwaka mzuri Aldabra kuliko kitu kingine.

Na malipo, hakuna. Kazi ya kujitolea hii, labda siku mradi ukija na posho ya mafuta ya boti, ila msiingoje. Ukiona mtu Tanga anawatoza watu hela ya kuwaandikisha eBird au kuwapa "cheti cha mtafiti wa ndege", huyo tapeli, eBird ni bure na iNaturalist ni bure, kinacholiwa ni bando tu.